Rangi ya Springi za Gari la Baba

Kebirigo, Jumapili, Juni 1971

Rangi imekauka vizuri, lakini sina furaha.

Fundi alinishauri nipake springi za gari la marehemu baba rangi ya kawaida. Nilikataa, maana mawe ya barabara yangeibambua upesi. Nikangoja rangi ngumu ya kuzuia kutu kutoka Kisumu, gari likakaa juu ya magogo mwaka mzima, Mama akiuliza atalipanda lini.

Leo nimemwita aone. Aliinama, akapapasa springi kwa vidole.

“Umepaka nyeusi?”

“Nyeusi, Mama. Huioni?”

“Naona kivuli tu, mwanangu; macho yamefifia mwaka huu. Sikutaka kukuharakisha.”

Laiti ningepaka ile ya kawaida…

Sabato nitampeleka kanisani kwa gari hilo. Nitamsimulia njia nzima yote ninayoyaona.