Maji Yapo Mtungini, Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, ingawa safari hii sitaisikia marahaba yako. Nakuandikia nikiwa ofisini kwako, kwenye kiti kile chenye mguu uliofungwa waya. Tulipokuzika walinikabidhi shule, na mpaka juzi nilikuwa nakikalia ukingoni tu.

Unaikumbuka mikondo miwili ya darasa la tatu? Mwalimu Pius alifundisha kusoma kwa nyimbo na makofi. Mwalimu Mwanahamisi kwa vijiti mchangani, kimyakimya.

"Darasa lako kama msibani," Pius alimtania.

"Na lako kama harusi isiyo na pilau."

Walipokuja kushtakiana, ukawaambia: "Siulizi mnapita njia gani kwenda mtoni. Nataka maji mtungini." Kisha kila Ijumaa ukawabadilisha, kila mmoja awasikilize watoto wa mwenzake wakisoma. Hapo hapakuwa na kufichana.

Sasa biashara imefunguliwa, Shangazi. Siku ya gulio malori ya mjini yanapanda mpaka huku Matombo kununua ndizi, na watoto wanawasaidia mama zao kubeba mikungu. Madarasa yakabaki nusu. Mwanahamisi akaomba siku hiyo afundishe kusoma asubuhi na mapema, kabla ya malori. Pius akataka alasiri, yakishaondoka. Kamati ya shule ikakataa kuwatenganisha, ikataka wote wafundishe alasiri.

"Mwalimu mkuu mmoja, ratiba moja," alisema mwenyekiti.

Mwanahamisi akanifuata ofisini. "Mwanangu, watoto wangu wanakaa juu mlimani. Nikiwaweka alasiri, giza litawakuta njiani. Ukinilazimisha, naomba uhamisho."

Nikamwachia kila mmoja saa yake, na Ijumaa nikaendelea kuwabadilisha kama wewe. Lakini usingizi ulinipaa, maana kamati ilikuwa imemwita mkaguzi, na nilijua akikataa nitampoteza Mwanahamisi.

Alifika juzi, Ijumaa. "Shule moja, darasa moja, saa mbili tofauti?"

"Naomba uwasikilize watoto kwanza, mzee."

Akatoa gazeti mkobani. Pius akamchagua mtoto wa darasa la Mwanahamisi, Anastasia, anayekaa mbali kuliko wote. Mtoto akasoma habari ya bei ya saruji, kidole chini ya mstari, polepole, bila kukwama. Mwanahamisi naye akachagua wa Pius. Huyo alisoma akitikisa kichwa kama yuko kwaya, mkaguzi akacheka.

Akakunja gazeti lake. "Ratiba zote mbili zibandikeni ukutani, nisije nikauliza tena."

Pius akamgeukia Mwanahamisi. "Mama, mtungi umejaa." Aliyakumbuka maneno yako kabla yangu.

Uhamisho haukuombwa. Leo, kwa mara ya kwanza, nimekiegemea kiti chako. Waya umeshika.

Pumzika, Shangazi.

Mimi binti wa kaka yako