Neno Nililomsomea Baba

Kau,
Jumapili baada ya ibada, Februari.

Kwako kaka Zadock,

Bwana asifiwe, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Naivasha, na kile kikohozi cha baridi kiwe kimekuachia. Sisi huku tunaendelea. Mama goti linamsumbua akishuka mtoni lakini akipanda halimsumbui, naye anasema goti lake lina akili za kinyume. Mpunga wa upande wa chini ulibebwa na maji, wa upande wa juu tumeuvuna. Kanisani wamenichagua tena kuwa katibu wa kwaya, na shuleni darasa langu la watoto wadogo limefika arobaini na wawili, wote wanataka kukaa mstari wa mbele.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali simu ipo. Simu ya hapa nyumbani unaijua. Ikilia, Mama huiweka spika, na kila aliye uani husogea kusikiliza. Nililo nalo si la spika. Nitampa Said, yule anayesafiri na lori la ng'ombe kutoka Garsen hadi Nairobi, akuwekee bahasha kwenye gari la Naivasha. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya mkono wa Baba, na ya mkeo Nyevu.

Kuumia kwa Baba ulikusikia kwa simu tu. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, anakata mkungu wa ndizi, panga likamponyoka na kumchana kiganja cha kulia. Damu ilikuwa nyingi, lakini kibaya zaidi vidole vitatu vilibaki vimenyooka kama si vyake. Kule hospitalini Malindi walituambia kano zimekatika, zile kamba za ndani zinazovuta vidole. Wakamshona vizuri. Walimvalisha gango la plastiki la kuutuliza mkono, na kabla hatujaruhusiwa, bibi mmoja wa mazoezi ya viungo anayeitwa Sarah alikuja kutueleza namna ya kuutunza mkono. Baba alikuwa bado na usingizi wa dawa. Nami, kaka, nilikuwa nje kwenye korido nazungumza na mwalimu mkuu kwa simu, namwomba siku za ruhusa. Niliporudi, Bi Sarah alikuwa anamalizia. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akanipa karatasi ya Kiingereza, akatuandikia turudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hazikufika, mvua ikaanza. Novemba ile mto ulitoka kingoni, barabara ikakatika, na hatukuweza kufika hata Garsen. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo iliyobaki kuwa daktari wetu, na msomaji wake nilikuwa mimi. Unajua nyumbani kwetu karatasi yoyote ya Kiingereza huletwa kwangu, iwe ya shule, ya mbegu au ya chifu, na mimi huisoma huku wamenizunguka, nikijisikia mtu.

Karatasi yenyewe ilikuwa nakala ya nakala, picha zake zimekuwa madoa meusi. Juu palikuwa na maneno “tendon glide”. Chini yake palisema usinyanyue, usishike kitu kwa nguvu, usilazimishe. Tendon nililijua kwamba ni kano. Hilo glide nililitafuta kwenye kamusi ndogo ya shule, ikanipa neno moja, teleza. Basi nikaona karatasi nzima ni ya makatazo. Nikamwambia Baba, mbele ya wote, kwamba hatari kubwa ni kano kuteleza na kuchomoka kwenye mshono, kwa hiyo vidole visiguswe, visikunjwe, mkono ukae kimya mpaka tutakapoitwa tena. Baba ni mtu wa kutii hospitali. Aliukalisha mkono juu ya mto, akaulinda kama yai.

Nyevu ndiye aliyekuwa akimvua gango asubuhi, akimwosha na kumpaka mafuta ya nazi kwenye kovu, taratibu, kwa kidole gumba. Siku moja nilimkuta anajaribu kumkunja Baba kidole cha mwisho. Nikamkemea. Nikamwambia karatasi imekataza. Aliniomba radhi, akaacha. Mafuta aliendelea nayo kwa sababu Baba alisema yanampunguzia kuwashwa.

Katikati ya Desemba tulimvua gango kabisa, na vidole vikakataa. Vilikuwa vigumu kama vijiti vya mkoko. Jioni ile ukapiga simu. Mama alilia, ukauliza nani amekuwa akiushika mkono wa Baba, na Mama, bila nia mbaya, akasema ni Nyevu na mafuta yake. Maneno uliyosema baada ya hapo unayakumbuka. Ulisema, “Huyo na dawa zao za Kigiriama ndiye aliyemharibia baba yangu mkono.” Kaka, Nyevu alikuwa jikoni, hatua nne kutoka kwenye simu, anasonga ugali. Alimaliza kuusonga. Alitupakulia sote, akaosha sufuria. Asubuhi alimfunga mwanenu Valary viatu, akawaaga Baba na Mama kwa heshima, akaenda kwao Chara.

Simu ile nilikuwa nimeishika mimi, mkononi mwangu.

Januari barabara ilipofunguka nilimpeleka Baba Malindi. Bi Sarah aliukagua mkono muda mrefu. Kwanza aliuliza nani amekuwa akilisugua kovu. Baba akajibu ni mke wa mwanawe. Bi Sarah akasema huyo apewe shukrani, kwa sababu ngozi imebaki laini, na bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi. Kisha akauliza mazoezi yalikwendaje. Baba akamwangalia, akauliza, “Mazoezi yapi, mwanangu?”

Nilitoa karatasi kwenye mkoba. Bi Sarah hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alishika kamba ya suruali yake ya kazi, ile inayopita ndani ya upindo wa kiunoni, akaivuta huku na huku mbele yetu. Akasema kano ni kamba hii, na ndani ya kidole ina upindo wake wa kupitia. Baada ya kushonwa lazima ipitishwe kidogo kidogo kila siku, bila nguvu, la sivyo itashikana na upindo na haitasogea tena. Hiyo ndiyo glide. Karatasi ilikuwa inaamuru jambo lile lile nililolikataza.

Tulipanda gari hadi Garsen. Pale tunasubiri pikipiki, aliniuliza Waswahili wangeliitaje neno hilo. Nikamwambia labda kupita bila kukwama. Akasema, “Basi wangeandika hivyo.”

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Chara. Sikumwambia mtu. Nilimkuta Nyevu anapepeta mpunga, na babake, Mzee Kahindi, ameketi kando anashona wavu. Valary alinirukia shingoni. Wifi alinipa kiti, akaniletea maji, akaendelea kupepeta. Nilimsimulia yote kama nilivyokuandikia: korido, kamusi, kamba ya Bi Sarah. Nilidhani nikimaliza nitakuwa nimetua mzigo. Nyevu akaniuliza jambo moja tu.

“Ulijua lini?”

Kaka, ningeweza kujibu Januari. Hakuna ambaye angenibishia. Lakini Mzee Kahindi alikuwa ameacha kushona, na Valary yu mapajani mwangu. Nikamjibu kweli, na wewe nakuandikia hiyo hiyo kweli, maana ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Nilijua Novemba. Wiki ya tatu ya mafuriko, tukiwa tumekwama shuleni kwa mvua, nilimuuliza Mitchelle, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la juu, maana ya glide. Alifungua kamusi yake kubwa. Akaniambia ni korongo anapoelea hewani bila kupiga mabawa, na ni mtumbwi unapoendelea wenyewe baada ya kuacha kupiga kasia. Akasema wanaosomea lugha huziita hivyo sauti za w na y, kwa jinsi zinavyokuingiza kwenye irabu bila kugonga popote, na wanamuziki husema hivyo sauti inapohama noti bila kukatika. Hata vijana, alisema, wanapoandika kwenye simu kwa kuburuta kidole pasipo kukiinua, kitendo hicho huitwa vivyo hivyo. Nikamuuliza je, kuteleza na kuanguka? Akacheka. Akasema humo mote hakuna anayeanguka, ni kitu kinachopita vizuri kinapotakiwa kupita. Akauliza nimelikuta wapi. Nikamwambia kwenye kitabu cha watoto.

Nilirudi nyumbani nimeloa. Baba alikuwa ameuweka mkono juu ya mto, akanionyesha kwa fahari kwamba haujasogea tangu asubuhi. Nilipaswa kusema pale pale. Nilijiambia labda kwa madaktari lina maana nyingine, nitauliza barabara ikifunguka. Ukweli ni kwamba niliona aibu kusema nilikosea kusoma. Januari nilimuuliza Bi Sarah kama kuanza mazoezi wiki ile kungesaidia. Alisema kungesaidia sana. Na siku ya simu yako nilikuwa nalijua hilo neno karibu mwezi mzima, nikanyamaza, mkeo akabeba lawama.

Nyevu alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema amefurahi kwamba nimemwambia mbele ya babake, kwa sababu Mzee alikuwa ameanza kumtazama kwa mashaka. Kurudi, alisema, atarudi, lakini si kwa kuitwa na mimi. Anataka uje mwenyewe Chara, mchana, uyatengue yale maneno mbele ya baba na mama yake, kwa sauti ile ile uliyoyasemea.

Baba na Mama nimewaambia pia. Mama hakuongea nami siku mbili. Baba alisema nilete kiti nikae nimsaidie mazoezi. Sasa tunafanya mara nne kwa siku. Kikombe anakishika, kijiko anakishika. Kasia halishiki, na Bi Sarah ametueleza kwa upole kwamba huenda lisishikike tena. Mtumbwi amemwachia Ishmael wa jirani. Baba mwenyewe hukaa mbele, ananyoosha mkono wa kushoto kumwonyesha palipo na kina.

Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, kwaya nzima inakusalimu. Valary alinituma nikwambie ameng'oka jino. Mungu akulinde kazini na akupe ruhusa ya siku chache mapema.

Usimkasirikie Mama kwa kutaja mafuta, wala lawama usizigeuzie tena kwa Nyevu. Hasira yako ikishapanda, kaka, kuna mtu mmoja tu wa kuipokea, naye ameandika jina lake mwenyewe hapa chini.

Mdogo wako,
Asenath