Jaruba Kubwa Linakungoja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kile kiti cha dirishani nyumbani kwa kaka, umekunja nne, unalalamika kwamba chai ya mjini haina nguvu. Kaka ameniandikia kuwa daktari ameyapima macho yako kwa mara ya mwisho na kusema hana kazi nayo tena, sasa unasoma mpaka namba za mabasi ng'ambo ya barabara. Mama aliposikia hayo alisema kama ni hivyo barua hii uisome mwenyewe, usisomewe na mtu. Nami naomba vivyo hivyo. Wifi mpe salamu zangu, lakini karatasi hizi usimpe. Ndani ya bahasha kuna picha nimeifunga kwa karatasi ya daftari. Tafadhali usiifungue mpaka nikuambie. Nakujua, mkono umeshaanza kwenda huko. Urudishe.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu alipoacha kubishana nalo. Sasa anashuka mtoni mara moja tu kwa siku, na anasema ni goti lililoamua, si yeye. Mabati mawili ya jikoni yaliyokuwa yakivuja nimeyabadilisha. Yule kuku wako mwenye kilema bado anatawala ua mzima, na majogoo wanampisha njia.

Kazi ya kutembeza wageni inakwenda vizuri, na hili nalisema bila kujigamba, au basi kwa kujigamba kidogo, maana mwalimu wangu ni wewe. Saa mbili asubuhi tunaondoka pale kwenye mashine ya kukoboa, tunapanda kijiji cha wafinyanzi, tunakatiza msitu mdogo hadi kijiji cha pili, na saa saba tunakula kwa yule mshonaji wa kijiji cha juu. Jioni tunashuka kupitia majaruba ya mpunga, ngazi baada ya ngazi, maji yanang'aa pande zote na wageni hawaishi kupiga picha. Nimegundua kwamba mwenye viatu vya bei mbaya ndiye anayeteleza wa kwanza, na akishateleza ndiye anayewafundisha wenzake jinsi ya kutembea.

Kwenye kingo nafuata mambo yako kama ulivyonionyesha. Ukingo mmoja, mtu mmoja. Mwingine asikanyage mpaka wa mbele ameshuka. Mwongozaji anavuka wa mwisho, anagonga kwa fimbo na kusikiliza kama udongo unaitika. Juzi alikuja karani mmoja wa benki anayeogopa mahali pa juu, akagandia katikati kama nguo kwenye kamba. Nilimwambia ahesabu hatua kwa sauti. Alifika mia moja na saba, akakaa chini, akacheka hadi machozi. Wageni sasa wananiita Fimbo, na jina limeshika hata sokoni.

Ila kila kundi likifika kwenye jaruba letu kubwa linauliza swali moja. Juu kijani, chini kijani, katikati pengo la magugu makavu. Kwa nini? Kwa miaka miwili nimejibu kwamba mwenyewe yuko mjini kwa matibabu. Si uongo, lakini si jibu.

Nayarudia haya si kwamba umeyasahau. Asubuhi ile ukingo wetu ulikutwa umevunjika, na maji yamesomba miche ya jirani yetu, Mzee wa Chini. Jana yake alikuwa amekuomba maji kabla ya zamu yake ukamkatalia, kwa hiyo ukasema ameukata yeye usiku ili ayapate kwa nguvu. Ukamshtaki mbele ya kamati ya maji. Naye akasimama akasema kwamba asiyeona aache kukanda udongo. Watu wawili waliochimba mfereji ule pamoja kabla sijazaliwa! Tangu hapo ukaapa hutaukanda ukingo mpaka akiri, na yeye akaapa hana cha kukiri. Maji yake sasa yanazunguka kilima kizima kwa mtaro aliouchimba peke yake, na yakimfikia yamebaki ya kunawia mikono.

Matibabu yako yalikwisha miezi mitano iliyopita, Baba, ikabaki kupimwa tu. Kila tukiuliza utarudi lini, mara mvua, mara mjukuu ana mtihani. Mama bado anapika chakula cha watu watatu. Usiku mmoja aliniambia kwamba kabla hujaondoka ulimwuliza kama huenda yule mzee alisema kweli, kwamba mikono yako imekwisha. Neno hilo lilininyima usingizi kuliko ugomvi wote.

Sasa nije kwenye picha. Wiki tatu zilizopita alirudi mgeni wa zamani, mkunga mstaafu, mfupi, mcheshi, ambaye alitembea nami mwezi ule ule ukingo ulipovunjika. Alisema siku ile aliipenda kuliko zote za safari yake, akanikabidhi picha aliyoichapisha iwe zawadi. Nilishukuru, nikaitazama. Nikaificha ndani ya pipa la mchele. Kila nilipochota mchele wa kupika iliniangalia. Siku ya nne mkunga alikuja kuaga, akaniona uso umenishuka, akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba kuna jambo nimelificha. Akacheka, akasema katika kazi yake hajawahi kuona methali ya kweli kama ile ya mficha uchi hazai. Hakujua kabisa alichokisema.

Fungua picha, Baba.

Wako kumi na mmoja wanaocheka. Wamesimama juu ya ukingo wa jaruba kubwa, bega kwa bega, na aliyewapanga hivyo ni mimi. Ulikuwa umeukanda siku iliyotangulia, na kwa sheria yako ukingo ulipaswa kupumzika siku tatu bila kukanyagwa. Nilijua. Lakini ulikuwa umenikabidhi fimbo wiki ile ile, sikuwahi kuongoza kundi kubwa vile, wakaomba picha, nami nikataka waondoke wakisema yule binti ndiye mwenyewe. Tazama chini ya miguu ya bwana mnene, wa tatu kutoka kushoto. Mstari ule unaong'aa si kivuli. Ni maji. Walipokwisha kushuka nilichoma fimbo ikazama vidole vinne. Nikachota tope, nikaziba, nikapapasa juu kwa kiganja, nikaendelea na safari. Methali ya ufa na ukuta naijua, usinisomee. Usiku mvua ikanyesha na ukingo ukaenda.

Ulipokuwa unamshtaki Mzee wa Chini nilikaa benchi la nyuma, fimbo magotini. Niliogopa utanipokonya. Hiyo ndiyo sababu yote, na natamani ningekuwa na nyingine nzuri zaidi. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikawa ngumu kuliko jana. Ulimtafuta mwizi wa maji kwa jirani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Yeye hakuukata. Na wewe hukukosea, Baba. Ukingo wako ulikuwa mzuri, mikono yako ni mizima, na hata macho yako ya wakati ule yalitosha. Nimekuacha miaka miwili ukijishuku, na kwa hilo najionea aibu kuliko kwa miche. Nisamehe.

Sikutaka uwe wa mwisho kujua, lakini aliyekuwa karibu ni yeye, na nilishindwa kusubiri. Nilimpelekea Mzee wa Chini picha mchana wa siku ile ile mkunga alipoaga, nikamweleza yote nimesimama. Alivaa miwani, akatazama sana, akauliza yule mnene ni nani. Nikasema sijui, mgeni tu. Akasema mtu kama yule anatakiwa kupeleka taarifa kwa kamati kabla ya kukanyaga mlima. Halafu akavua miwani na hakuivaa tena. Alisema bonde hili halina mtu anayekanda ukingo kama wewe, na kwamba lile neno la macho alilichagua kwa sababu alijua ndilo litakalokuuma. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Aliniambia nije kesho yake na jembe.

Basi tumefanya kazi wiki mbili, yeye na mimi, kabla ya wageni na baada ya wageni. Tope zito ananiachia mimi, na sijalalamika. Magugu yameondoka. Ukingo umesimama wote, isipokuwa hatua moja pale katikati, kwenye mdomo wa maji. Nilipopeleka tope kuziba, alinigonga mkono kwa mpini wa jembe. Alisema hapo ni pa mwenyewe.

Miche yako ameiotesha kwenye kitalu chake pamoja na yake. Leo ina siku kumi na mbili. Ikipita ishirini na tano itakuwa imekomaa mno, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Kamati itakaa kesho yake ukifika, nami nitasimama pale pale uliposimama wewe, niseme kwa sauti. Fimbo nimeiweka nyuma ya mlango. Wageni nawaongoza kwa kijiti cha kuokota. Ukija utaamua nani aishike. Nikipokonywa nitaumia, lakini nitajua nimepokonywa na mtu aliyerudi nyumbani.

Msalimie kaka, wifi na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mama anakusalimu sana, anasema chai yake bado ina nguvu. Na Mzee wa Chini, kila asubuhi tukishika majembe, ananiuliza kama barua imeondoka. Siku zote hizi nimemjibu kwamba bado naiandika. Kesho nitamwambia imeondoka.

Ni mimi mwanao,
Fimbo, mpaka utakapoamua vingine