Kaseti ya Harusi ya Kyungu

Jumatatu, 10 Mei 1999

Nimesafisha kichwa cha mashine ya video kwa pamba na manukato ya mume wangu, Ramazani. Spiriti haipatikani sokoni. Amelalamika. Nimemuuliza mume anayenukia vizuri wakati wa vita anamtafuta nani. Akacheka.

Kompyuta bado iko juu ya meza ya cherehani. Aliileta kutoka Lubumbashi pamoja na marobota ya vitenge. Imetumika, ubavu umekwaruzika. Kando yake kijiboksi chenye kadi ya video. Alimwomba muuzaji ile ya bei ya chini kuliko zote, na muuzaji akampa hiyo hiyo. Kijitabu chake cha Kichina. Nasoma michoro tu.

Ninachojua: kadi inaingia ndani ya kompyuta, waya wa video unaingia kwenye kadi, na harusi zote nilizopiga zinahamia ndani ya mashine, mbali na ukungu unaokula kanda. Zinakaa wapi humo ndani? Sijui. Ndilo linaloninyima usingizi, kuliko vita.

Jumanne, 11 Mei

Nimefungua kompyuta kwa bisibisi ya cherehani. Kadi ilikataa. Nikaisukuma, ikalia ka! Nikadhani nimeua kitu. Sijaua.

Mchana nikawasha jenereta. Picha imetokea! Harusi ya binamu yangu, ndani ya kidirisha kidogo kama kiganja. Nyeusi na nyeupe. Kitenge cha bibi harusi kilikuwa chekundu, nilikichagua mimi mwenyewe. Nimetafuta sababu kwenye michoro. Nadhani nimeipata: kanda zetu ni za mfumo wa Kifaransa, na mfumo huo kadi haiujui. Rangi zinabaki mlangoni. Bei ya chini.

Nimezima haraka. Askari wa kambi ya ndege wananunua esanse, petroli yote ya mji, jenereta yangu inakunywa masalio. Ndege kubwa zimepita tangu asubuhi. Vikombe vinatetemeka kabatini.

Alhamisi, 13 Mei

Amekuja Mama Mapasa, yule wa shamba la mihogo njia ya misioni. Mama wa mapacha, Kyungu na Kabange. Nilipiga video ya harusi ya Kyungu kabla ya vita ya kwanza. Kabange hakuwepo. Alikuwa Luena kwa shangazi yake, mgonjwa wa tumbo.

Sasa Kyungu yuko na mume wake Moba, ng'ambo ya mstari wa vita. Hakuna barua, hakuna treni. Baba yao, Tata Ilunga, alikufa mwaka jana kwa homa. Na Kabange anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Yaani, alikuwa anaolewa. Amekataa.

Kwao pacha mmoja akipewa kitu, wa pili apewe hicho hicho, na mkono ule ule. Kitambaa kimoja, sahani moja. Baba alimbariki Kyungu kwa pemba, ule udongo mweupe, akasema maneno yake. Mjomba yuko tayari kumbariki Kabange. Kabange anasema huo si mkono wa baba yake. Bila huo, hatoki nyumbani.

Mama Mapasa akatoa kaseti chini ya unga ndani ya beseni. "Zaituni, weye njo ulikamata sauti ya bwana yangu," akasema. "Umurudishie mutoto wake."

Ilifichwa ghalani walipokimbilia porini. Ukungu umejaa. Video yangu ya pili, ya kunakilia, askari waliiazima mwaka juzi, na neno hilo, kuazima, ni lao. Imebaki hii moja na kadi ya Ramazani.

Nimeona fahari. Halafu hofu.

Ijumaa, 14 Mei

Nimeifungua kaseti na kupitisha utepe kwenye pamba, kidogo kidogo, kwa mkono. Vumbi la ukungu puani. Napiga chafya kama mbuzi. Ramazani amekwenda msikitini peke yake, mimi nimesali nyumbani nikiwa nimechelewa.

Ukungu unakula nini kwenye utepe? Picha, au gundi? Unamla nani kwanza?

Jumapili, 16 Mei

Leo nimeicheza. Tata Ilunga huyu hapa, koti lake kubwa, sahani ya pemba mkononi. Bila rangi pemba inang'aa kuliko vyote. Kwa mara ya kwanza nimeisamehe kadi.

Kitu cha ajabu. Anampaka Kyungu mkono, anasema maneno, halafu anageuka na kupaka kiti kitupu kilicho kando. Kiti! Siku ile nilikuwa nyuma ya kamera, jicho moja nimefumba, nikadhani mzee anajifuta vidole. Lakini anapaka polepole. Mtu hajifuti hivyo.

Mara video ikaanza kuguguna utepe. Nikachomoa waya. Si kitu, nikajisemea, sehemu yake imeshaingia. Nikafungua kwenye kompyuta.

Hakuna sauti. Hata chembe.

Mimi nimezoea waya wa antena, mmoja tu, unabeba picha na sauti pamoja. Kadi hii inachukua picha peke yake. Sauti ina waya wake na tundu lake nyuma ya kompyuta. Mchoro ulionyesha. Niliuona, nikadhani ni wa redio. Televisheni nilikuwa nimeizima ili niokoe esanse, kwa hiyo hata sikio langu halikupata kitu.

Nimejichukia leo. Mama wa watu ameniletea sauti, mimi nimemhifadhia mdomo.

Jumanne, 18 Mei

Utepe umekatika. Mahali pabaya, muda mfupi baada ya pemba. Nimeunga kwa gundi ya karatasi upande wa mgongo, nimekata ncha zilizojikunja. Kipande cha urefu wa kidole kimekwenda. Kulikuwa na nini ndani yake? Pengine mtu anakohoa tu. Mungu ajalie awe anakohoa.

Waya wa sauti nimeutengeneza kutoka kwenye visikizi vya redio ya Ramazani. Amenikuta na mkasi, na msumari wa moto wa kulehemu. Atajuaje vita vimefika wapi? Nimemwambia asogeze sikio kwenye redio. Amekasirika kweli. Baadaye amenishikia taa.

Jumatano, 19 Mei

Kabange mwenyewe amekuja. Nimeshtuka mlangoni, ni Kyungu mtupu. Ameomba kumwona baba yake. Nimewasha jenereta kwa muda mfupi.

Hakulia. Alikuwa anafuata ule mdomo tu, kiti hakukitazama. Kisha akasema, "Alimubariki mwenzangu tu. Minyi nilikuwa Luena, alinisahau." Amesema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Imeniuma kuliko kilio.

Nimemuuliza mama yake alisikia nini siku ile. Alikuwa jikoni akisonga bukari, ugali wa wageni. Wajomba je? Wanakumbuka pombe. Aliyesikia ni Kyungu, na Kyungu yuko ng'ambo.

Mimi naogopa jambo moja. Tata Ilunga lazima alimwita Kyungu kwa jina, bibi harusi alikuwa yeye. Jina likisikika mbele ya watu Jumamosi, tutakapoicheza ili sauti hiyo imbariki, Kabange atainuka aondoke. Jioni nimejaribu kwenye harusi ya binamu yangu, nikamkata shemeji anayehutubia. Kompyuta inakata mtu kama kitambaa, na mshono hauonekani. Naweza kulitoa jina la Kyungu. Nani atajua?

Nimeogopa jinsi ilivyo rahisi.

Ijumaa, 21 Mei

Esanse imebaki chini ya kidumu. Inatosha mara moja. Nimeunga waya, nimejaribu sauti kwanza kwa harusi ya binamu, nimesema bismillah.

Kwanza mngurumo, jenereta ya siku ile. Ndani yake, sauti ya mzee. Nene, haina haraka. Utepe ukapita kwenye kiungo, ukaruka, ukashika tena. Nimepumua.

Kisha nikafanya lile ambalo kadi iliundiwa. Nikarudisha nyuma kwenye kompyuta bila kugusa utepe. Tena na tena. Kiluba changu ni cha sokoni, lakini majina nayajua. "Kyungu," akiwa kwenye mkono. Nikaweka kidole tayari kukata. Mara: "Kabange." Akiwa kwenye kiti.

Nimerudisha. Kabange. Nimerudisha. Kabange.

Mzee hakuwa anajifuta. Alimwekea kiti mtoto aliyekuwa Luena. Aliwabariki wote wawili siku ile ile, mbele ya kamera yangu, na mimi sikuona kitu. Na nilikuwa nataka kukata!

Nimelia hadi Ramazani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna.

Jumamosi, 22 Mei

Tumebeba kompyuta na kamera kwa baiskeli mbili, kompyuta imefungwa blanketi kama mgonjwa. Esanse imetoka kwa ndugu wa bwana harusi. Uani kwa Mama Mapasa nimeiweka mezani, kivulini, na kitenge cha kuikinga na jua.

Sikumwambia Kabange kitu. Nilitaka asikie mwenyewe.

Kioo kidogo, picha inarukaruka, watu wamesogea mpaka nimekosa hewa. Mzee akasema jina la kwanza. Kabange akatazama chini. Mzee akageukia kiti, akasema jina la pili.

Akainua kichwa. "Eyo, Tata," akajibu. Kwa sauti, mbele ya wote. Akanyoosha mkono kuelekea kioo. Mjomba, kwa akili zake nzuri, akachovya pemba na kumpaka huku sauti ya mzee ikiendelea. Mama Mapasa alikaa chini palepale kwenye vumbi. Hakuna aliyemwinua.

Ndege ilipita. Hakuna aliyetazama juu.

Kisha Kabange akafanya jambo ambalo hakuambiwa na mtu. Akavuta kiti, akakiweka kando yake. Akachukua sahani kwa mjomba. Akakipaka pemba, polepole, akamtaja dada yake.

Jumatatu, 24 Mei

Kimya. Hakuna esanse kabisa. Ramazani anasikiliza redio, sikio limegandamana nayo. Anasema Moba bado kumefungwa.

Kaseti mpya, ya harusi ya Kabange, nimeifunga ndani ya mkebe pamoja na vipande vya makaa, yanakunywa unyevu. Juu nimeandika Kyungu. Barabara ikifunguka tutaituma.

Bibi harusi yumo kidogo tu. Safari hii nilijua pa kuelekeza kamera. Nilikipiga kile kiti hadi betri ikaisha.