Moja ni Sawa na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo miaka thelathini na moja tangu nitoke kwetu na begi moja. Nimeiadhimisha kwa kukaa kikao cha asubuhi nzima kuhusu jina. Jina la nini? La kiunzi cha majaribio — programu ya kujaribu programu yetu, kipande kwa kipande, kabla pampu ya dripu haijafungwa kwa mgonjwa. Nilipendekeza tuchukue kimoja cha bure, kilichokwisha kuandikwa kwa C, lugha yetu ya kompyuta, na watu wenye akili timamu. Mkuu wa kitengo akakunja uso. Cha watu? Sisi tunajenga chetu! Kitaitwa Ngao. Nembo iko tayari. Programu yenyewe, bado.

Jumatano, 5 Machi

Ngao imezaliwa. Majaribio yote yamewaka kijani, mara ya kwanza! Katika maisha yangu yote ya C sijapata kuona kitu kinapita mara ya kwanza, isipokuwa kosa. Fundi wetu wa umeme, binti mwenye ulimi kama wembe, ameshambatiza mkuu: Bwana Kijani.

Halafu habari. Pampu za kwanza zinakwenda wodi ya watoto wachanga, hospitali ya mji wa kwetu, ule nilioutoka na begi. Mji wangu! Bwana Kijani akanishika bega: "Mzee wetu, mkaguzi ni wewe na mwenyeji ni wewe. Tia saini kwamba majaribio yamepita, kisha uzisindikize mwenyewe. Nani anaijua C kama wewe?"

Kilemba cha ukoka, najua. Nikakivaa.

Nimempigia dada. Kapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Alhamisi, 6 Machi

Ule ukijani unanikera. Nimeandika jaribio la kijinga: moja ni sawa na mbili. Nikaliendesha. Kijani!

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha. Ngao imejengwa juu ya assert, neno la C linalosimamisha programu pale dai lisipokuwa kweli. Lakini kuna swichi, NDEBUG. Ukiiwasha, madai yote yanafutwa kabla programu haijaanza kukimbia. Bwana Kijani aliiwasha ili mambo yaende kasi. Yameenda kasi kweli — hakuna kinachopimwa!

Nikaizima. Wekundu mtupu. Baya kuliko yote: dozi za chini ya mililita moja kwa saa. C ikigawanya namba nzima kwa nzima, kinachobaki inakitupa. Nusu inakuwa sifuri. Taa inawaka, skrini inasema dawa inakwenda, na mtoto hapati kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwonyesha Bwana Kijani. Akaitazama moja yangu na mbili yangu. "Sasa Mzee, kwani nesi atakaa kulinganisha moja na mbili?"

Binti wa umeme hakuinua hata macho kutoka kwenye waya zake. "Kwa Ngao hii, bosi, hata wewe unapita."

Hakucheka. Makosa tutayarekebisha toleo lijalo, anasema. Ndege ni Jumatatu, tiketi yangu imeshakatwa. Bila saini yangu pampu hazitoki, na tiketi inafutwa. Akalisema hilo kwa upole, kama daktari. Nyingine haitakuja, mwezi ujao nastaafu, na kwa pensheni yangu ndege nitaisikia tu ikipita.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga. Kapaka chumba rangi, na magoti yake yale! Tumezungumza juu ya kila mtu aliyekufa, tukacheka sana. Kisha akauliza: "Kaka, bado unalala upande wa ukutani?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia nisikate simu, nikasikia kitanda kikisogezwa, miguu ikikwangua sakafu.

Karatasi iko hapa mezani, pa saini peupe, na patabaki hivyo. Bwana Kijani ametuma ujumbe wa tatu: "Mzee??" Sijamjibu. Dada naye sijamwambia.

Sirudi.