Pete kwenye Debe la Unga

Akalla, Stockholm, Jumatano, Novemba.

Tangu asubuhi kinanyesha kitu ambacho hakijaamua kama ni mvua au theluji. Alasiri bado changa lakini giza limeshaingia. Nimewasha taa ya jikoni na kukaa mkabala na debe la unga wa ugali kama mlinzi wa benki.

Ninaogopa.

Neno hilo nimeliacha peke yake kwenye mstari kwa sababu sikumbuki kama nimewahi kuliandika humu kwenye ukurasa wangu. Wanaonisoma wanajua nimegombana na mabalozi, na wachungaji, na maprofesa, na mama mmoja wa chama cha wapangaji ambaye mpaka leo akiniona dukani anageuza kikapu na kupita njia nyingine. Hao wote sikuwaogopa. Leo ninaogopa kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, na kimefukiwa kwenye unga.

Ni pete. Nataka kumwomba Eliwaza tuoane.

Kwa wasiomjua: Eliwaza ni muuguzi, Mtanzania wa Same, anakaa Fittja, upande wa pili wa jiji. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, nilipomaliza kuwahutubia watu kuhusu jinsi tunavyowalea watoto wetu huku ugenini. Alinyoosha mkono akasema, "Kaka, umesema vizuri sana, lakini muda wote huo hujamwuliza mtu hata mmoja swali." Ukumbi ulicheka. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikatafuta namba yake nikampigia ili nimwulize swali. Tangu hapo ananiita Mheshimiwa, na wala hanisifu.

Jana nilikwenda mjini kwa sonara kuichukua. Ni ya dhahabu, na jiwe lake ni tanzanaiti. Ndiyo, najua. Limechimbwa kwao, likasafirishwa, likachongwa na wengine, na mwisho Mkenya kama mimi analinunua Stockholm. Humu ndani mna makala zangu za kuipinga biashara ya namna hiyo, na ninaziamini zote. Nililinunua kwa sababu Eliwaza aliwahi kuniambia rangi ile ndiyo rangi ya milima ya Upare kabla ya mvua kushuka.

Hofu ilianzia kwenye treni.

Nimeandika mara nyingi juu ya watu wanaokumbatia mikoba yao mtu mweusi anapokaa kando yao. Jana kijana mmoja aliyejifunika kofia ya koti alikaa kando yangu, mweusi kama mimi, wa umri wa kuwa mwanangu. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe na kufunga ngumi. Aliuona. Akachomoa kipokea sauti kimoja sikioni, akaniambia kwa Kiswidi, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa:

"Tulia, mjomba."

Kisha akarudi kwenye muziki wake. Nikatii. Mimi.

Nilifika nyumbani nikaificha mara nne. Kabatini, ndani ya soksi, nyuma ya vitabu, mwisho kwenye unga, maana mwizi wa nchi hii hajui ugali. Halafu leo asubuhi nikafanya jambo ambalo wasomaji wa zamani watanicheka nalo. Nilipiga simu kuikatia bima.

Mimi niliyeandika kwamba bima ni kodi anayotozwa mwoga. Siifuti sentensi hiyo. Nimegundua tu kwamba nami natozwa.

Aliyepokea alikuwa dada mwenye sauti changa na mpole. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswidi, nayaandika kama ninavyoyakumbuka.

"Pete iko wapi kwa sasa?"

"Kwenye unga."

"Kwenye nini?"

"Unga wa mahindi. Jikoni."

Nikasikia vidole vyake vimesimama kwenye kibodi. "Nitaandika jikoni," akasema. "Na atakayeivaa ni wewe?"

"Hapana. Kuna mtu."

"Mke wako?"

"Bado."

"Mchumba?"

"Ndiyo maana nimenunua pete."

Alicheka kidogo, nami nikajikuta nacheka. Akauliza mtu huyo anafanya kazi gani. Nilimwambia ni muuguzi. "Ah, basi ataivua kila zamu," akasema. Hospitali za hapa haziruhusu pete wala saa mkononi; kuanzia kiwiko mpaka kucha lazima pawe patupu. Akaniuliza kama nataka na ile nyongeza ambayo Waswidi wenyewe wanaiita bima ya mzembe: unadondosha kitu, unakisahau, unakipoteza kwa kutoangalia, na bado unafidiwa.

"Kwa nini unadhani ataipoteza?" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda.

"Sidhani chochote. Ninauliza tu."

Kisha akanieleza utaratibu. Bima ya nyumba yangu inaihesabu pete maadamu ni mali yangu. Nikishampa, ni mali yake. Kwa kuwa haishi kwangu, itabidi aiingize kwenye bima ya nyumba yake mwenyewe.

"Yaani akisema ndiyo, bima yangu inakoma."

"Kwa pete hiyo, ndiyo."

"Na akisema hapana?"

"Basi inaendelea kama kawaida. Nakutakia kila la heri."

Nilikata simu nikafungua kompyuta, nikaanza makala. Nilikuwa nimeshapata shambulio la kwanza: kampuni inayokulinda siku utakayokataliwa tu, na kukuaga siku utakayopendwa. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Nilipofika kwenye aya ya bima ya mzembe, vikasimama. Nilikumbuka jambo aliloniambia Eliwaza akiwa kwenye sinki la jikoni kwake, anapara samaki, ameligeuzia dirisha mgongo.

Alikuwa na pete zamani, ya ndoa ya kwanza. Siku moja kazini aliivua, akaitia kwenye mfuko wa sare. Zamu ikawa mbaya, mgonjwa wao mmoja akafa. Alipotoka aliitupa sare kwenye tundu la nguo chafu akaenda zake nyumbani kulia. Pete ikaenda na sare huko wanakofulia nguo za hospitali zote. Haikuonekana tena.

"Unajua mume wangu alifanya nini?" aliniuliza huku anacheka, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. "Hakunipiga. Hakunitukana. Alikuwa anangoja wageni. Kila Krismasi, watu wameshakula, anasema: hebu mwulizeni shemeji yenu pete yangu kaiweka wapi. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Mwaka hadi mwaka. Mpaka siku moja nikashindwa kucheka, nikajua nimeshaondoka."

Mwanamume huyo alirudi Dar es Salaam zamani na ana familia nyingine. Nilipousikia mkasa huo nilimlaani vizuri, kwa sentensi ndefu, na Eliwaza akaniambia nishike kisu nisaidie vitunguu.

Leo nimekaa na mkasa ule upya. Mpaka asubuhi nilidhani ninaogopa atakataa. Kumbe ninaogopa zaidi atakubali.

Kwa sababu namjua mwanamume yule. Anaishi ndani yangu. Mimi ndiye ninayeweza kukutajia alichoandika mpinzani fulani miaka iliyopita, pamoja na mahali alipokosea mkato. Sisahau kosa la mtu. Nimejijengea jina kwa kutosahau. Watu wanafungua ukurasa huu kutazama nani leo atakumbushwa. Dhahabu ikipotea, yule dada mpole na kampuni yake watailipia. Ulimi wangu nani ataulipia? Nyongeza gani itamlinda Eliwaza siku wageni wameshashiba na mimi nimepata hadhira?

Niliifuta makala. Nikawa nimekaa tu.

Ndipo simu ikalia. Yeye. Alikuwa amemaliza zamu, nilisikia basi nyuma yake.

"Mheshimiwa, kabla hujasikia kwa wengine. Zile glavu zako ulizoniazima, nimezisahau kwenye treni. Usianze."

Sikuanza. Lakini nataka kuandika hapa kilichotokea ndani ya kichwa changu, kwa uaminifu. Kabla hajamaliza neno "treni", sentensi ilikuwa tayari. Ilikuwa na mwavuli ulioachwa kanisani Pasaka, ilikuwa na kile chombo changu cha chakula ambacho hakikurudi, ilikuwa na mzaha mwishoni ili nisionekane mbaya. Nzuri kabisa, yenye mizani. Imejipanga yenyewe kwenye ulimi, inangoja nifungue mdomo.

Niliumeza ulimi. Sijawahi kujua ni mzito kiasi kile.

"Ni glavu tu," nikasema.

Basi likapiga breki.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona hujanitajia mwavuli?"

"Mwavuli gani?"

"Haya, unaumwa. Pima joto." Alikuwa anacheka, lakini chini ya kicheko nilisikia anasikiliza, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayesema hajambo. "Kesho nina mapumziko. Ukija, niletee unga, wangu umeisha. Ule wa duka la hapa haushiki. Beba tu debe lako zima, tutagawana."

"Debe zima?"

"Sasa hapo ndipo umepona. Ndiyo, debe zima, mchoyo wewe."

Akakata. Nikaligeukia debe, nalo likanitazama.

Nakiri wazo lililonijia, maana lilikaa kwa muda mrefu na lilikuwa tamu. Niiache humo humo. Kesho aingize mkono achote unga, vidole vyake vikutane nayo, mimi nikiwa sebuleni najifanya nasoma gazeti. Unga uniulizie. Kwetu mtu akitaka kuposa hutuma mshenga, na yeye mwenyewe hayupo jibu linapotolewa. Utaratibu huo niliukejeli humu, nikasema ni wa watu wasioweza kusimama mbele ya mwanamke wakasema wanachotaka. Leo naona waliouanzisha walikuwa waoga kama mimi, ila wao walikuwa na akili ya kujipangia.

Lakini vidole vile vimeshaiacha pete moja kwenye mfuko wa sare ikapotea. Havitaikuta pete nyingine kwa kushtukia, ndani ya kitu kingine, mimi nimejificha.

Nimeitoa. Unga umeingia kwenye kingo za jiwe, na nilipoisugua kwa kitambaa cha miwani ilinidondoka mara moja ikabiringika chini ya jiko. Nililala kifudifudi kuitafuta kwa tochi ya simu. Ndiyo kwanza nina pete siku mbili na tayari nimeipoteza nyumbani kwangu, bila zamu, bila mgonjwa kufa. Nilipoishika tena nilibaki pale sakafuni kidogo. Hakuna aliyenicheka. Nilijua ni jambo la bahati.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho, kabla ya swali lenyewe, nitamwambia hivi: pete hii ina bima, na ukiikubali tutapiga simu pamoja iingie kwenye yako, pamoja na ile ya mzembe, maana hata mimi ni mzembe. Siku itakapopotea, kazini au popote, nitakuuliza kama umechoka na kama umekula. Sitauliza kingine. Si siku hiyo, wala Krismasi yoyote.

Sijui kama ninaweza. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko jibu lake. Mtu wa umri wangu amebadilika mara ngapi?

Ndiyo maana naliandika hapa, mbele yenu. Eliwaza hasomi ukurasa huu. Anasema akitaka kugombana nami atanipigia simu. Nyinyi mnasoma. Mmenitunzia kila nilichowahi kusema, na mmenirushia usoni kila nilipojipinga. Basi mtunze na hili. Siku mkisikia nimemtaja mwanamke yule mbele ya wageni kwa kitu alichopoteza, nileteeni ukurasa huu. Msinionee huruma. Sijawahi kuwaonea.

Nitauchapisha kesho nikiwa kwenye treni, baada ya kubadilisha mjini kwenda upande wa Fittja, ili nisipate nafasi ya kugeuza nia. Nitakuwa na debe la unga magotini na pete mfukoni. Na kijana yeyote akikaa kando yangu akaniambia, tulia mjomba, nitamjibu ukweli kwamba siwezi.