Wakili Uliyemwendea Bila Mimi

Baba Apiyo,

Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na leo nakuandikia nikiwa na hasira ambayo haina mtu wa kuipokea ila wewe.

Unakumbuka siku tulipofungua ile mashine ya kwanza ya kusaga unga hapa Migori? Ulirudi nyumbani nyusi zote nyeupe. Nilipokucheka, ukanipaka uso kwa kiganja kile kile. "Sasa tumezeeka pamoja," ulisema. Maneno hayo niliyatunza. Ndiyo maana uliponiletea karatasi za mkopo wa mashine ya pili, nilitia sahihi kuwa mdhamini wako bila kusoma hata ukurasa mmoja.

Ulipofariki, deni likaniangukia mimi. Benki, kisha chama cha akiba, kisha wale wakopeshaji wa kwenye simu, waliompigia hata mwalimu mkuu wa Apiyo. Madalali wakaja kuorodhesha mashine na viti vya nyumba. Nikatafuta wakili. Wa kwanza alikuwa wa kesi za mashamba, wa pili wa ajali. Wa tatu akaniambia ukweli: "Mama, kesi ya mtu aliyelemewa na madeni si ya kila wakili. Nenda Homa Bay." Akaniandikia jina kwenye kikaratasi.

Karani wa wakili huyo wa Homa Bay aliposikia jina lako, akatabasamu. "Kumbe wewe ndiye mke aliyekuwa akija naye?"

Sikuwa mimi. Sikuwahi kupanda ngazi za ofisi ile.

Nilijua ni nani bila kuuliza. Kwa Dholuo, mke mwenza huitwa nyieka, na neno hilo limetokana na nyiego, yaani wivu. Miaka yote nilijivunia kwamba mimi na Mama Ochieng, mke wako wa kwanza, tulikuwa tumelishinda. Sikumwonea wivu kwa nyumba uliyomjengea Rangwe, wala kwa wiki ulizokaa kwake. Lakini yeye umpelekee aibu yako ya madeni, mimi uniletee tabasamu? Hilo lilinichoma.

Nilishuka Rangwe siku hiyo hiyo. Nikamkuta akianika mtama. Sikumsalimu.

"Alikuja kwako akalia?"

"Alilia."

"Kwa nini si kwangu?"

Akapangusa mikono kwenye leso. "Mimi nilimjua akiwa na suruali moja, Mama Apiyo. Wewe ulimjua akiwa na mashine. Aliogopa ungemwona kama mtu mwingine."

Nilitaka kumpiga. Nikajikuta nimekaa chini kando ya mtama wake, nikilia kama siku ya mazishi. Yeye akaingia ndani, akatoka na bahasha: karatasi zote mlizomkusanyia wakili, pamoja na zile risiti nilizozisaka nyumbani hadi nikakata tamaa.

Kwa bahasha hiyo wakili alipeleka ombi mahakamani. Mwezi uliopita lilikubaliwa. Nalipa kidogo kidogo kila mwezi, wote wanaotudai wakiwa kwenye mpango mmoja, na madalali wamezuiwa kurudi. Mashine moja nimeiuza, moja imebaki. Siku ile ya mahakama Mama Ochieng alikuja, akaketi nami kwenye benchi. Jina lako liliposomwa, akanishika mkono. Nilimwacha aushike.

Usidhani yamekwisha. Nikiwa nasaga unga huwaona nyinyi wawili mkipanda zile ngazi, yeye akijua kila kitu, nami huku Migori nikikupikia samaki, nikidhani umekwenda kununua mahindi. Nawaza ulimwangalia vipi. Wivu huo unanikaba hata wateja wakinisemesha. Na bado, ni yeye tu ninayeweza kuzungumza naye habari zako.

Jumamosi anakuja kukaa kwangu siku mbili. Nitamwomba anisimulie ulivyolia, tangu mwanzo, asinifiche kitu. Yule mume aliyelia sikumpata, na mimi namtaka.

Pumzika huko ulipo. Sijamalizana na wewe.

Mkeo,
Mama Apiyo